Fuko

Shambani Matwebe, kilima kidogo cha udongo mbichi katikati ya matuta kinatosha: fuko kapita. Nalipenda neno hili. Ndani yake nasikia fukua na fukia. Na fuko mwenyewe anafukua kweli: meno yake ya mbele yametokeza nje, midomo inafumba nyuma ya meno hayo, hivyo anachimba kwa meno bila kumeza udongo.

Mwaka 2006 wanasayansi waliipa jenasi mojawapo ya mafuko wa Afrika jina la Fukomys. Neno la Kibantu, mbele kabisa!

Kule Argentina, mchimbaji mwingine, tukotuko, kaitwa kwa mlio wake wa chini ya ardhi. Naye ni ndugu wa mbali: mababu zake walitoka Afrika, wakavuka Atlantiki, takriban miaka milioni 40 iliyopita.