Kugandua: neno la tairi la nyuma lililokataa kuzunguka

Mtu wa Kituntu akimpigia fundi wa Kayanga simu na kusema gari limekwama, fundi atafikiria matope. Wilaya yao ya Karagwe hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, na barabara za udongo za huko zimeipa kauli hiyo maana moja: gari limezama, tairi linazunguka bila kwenda, zinatakiwa kamba, jembe na watu wa kusukuma. Lakini kuna shida nyingine iliyo kinyume kabisa. Gari la zamani limeegeshwa nyumbani miezi mingi, ardhi ni kavu, injini inawaka, gia inaingia, na matairi ya nyuma hayazunguki hata kidogo. Hili halijakwama. Limeganda, na kazi ya kulitoa katika hali hiyo inaitwa kugandua.

Nasisitiza neno hili kwa sababu yale yanayotumika badala yake yanapoteza watu. Wapo wanaosema breki imeshika. Dereva yeyote anajua kwamba breki inayoshika ni breki nzima, na ile isiyoshika ndiyo ya kuogopwa mteremkoni. Ukiandika kwenye karatasi ya gereji kwamba breki za nyuma zimeshika, msomaji ataelewa kuwa umezitengeneza. Kunoki ni neno la injini, liachwe huko. Kujam limeenea mno na silichukii, ila halisemi kitu gani kimejam, wala halina kinyume chake. Kuganda linacho. Kama funga inavyotoa fungua, na kwama ikatoa kwamua, ganda inatoa gandua: kutenganisha vitu viwili vilivyoshikana vikawa kama kimoja. Na kufungua tairi ni kazi nyingine tena, ni kulegeza nati na kulitoa. Unaweza kulifungua tairi lililoganda na ngoma ya breki ikabaki palepale, ngumu kama awali.

Ndani ya ngoma ndiko neno linakothibitika. Ngoma ni chuma cha kusubu, na chuma hicho kikipata unyevu hushika kutu haraka. Viatu viwili vya breki vimekaa ndani yake, kila kimoja kikiwa na lainingi iliyogundishwa au kupigwa ribiti. Gari likioshwa au likivuka maji, kisha likaegeshwa hendibreki ikiwa juu, lainingi inabaki imebanwa kwenye chuma chenye maji. Kutu inaota katikati ya viwili hivyo na kuviunganisha. Hapo hakuna kilichovunjika.

Hata hivyo si kila tairi gumu limeganda kwa njia hiyo. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani, na yakikaa miaka bila kubadilishwa, pistoni ndogo ndani ya silinda ya tairi huota kutu na kushindwa kurudi. Mpira wa breki uliozeeka nao huvimba kwa ndani: mguu ukikanyaga, mafuta yanapita, ukiinua mguu hayarudi. Kwa hali hizi mbili mafundi wana kauli nzuri sana, breki haziachii, na ningependa ibaki hivyo. Breki isiyoachia imebanwa na nguvu ambayo bado ipo. Iliyoganda imeshikwa na kutu hata baada ya nguvu kuondoka. Njia ya kuitambua presha iliyobaki kwenye mpira ni fupi: legeza kidogo nipeli ya kutolea upepo kwenye silinda. Mafuta yakiruka na tairi likalegea, kilichokuwa kinabana ni presha.

Land Rover za matoleo matatu ya mwanzo, yaliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina jambo lao. Hendibreki yao haigusi matairi ya nyuma. Inashika ngoma moja iliyo nyuma ya gia boksi, mahali propela inapoanzia. Ngoma hiyo ikiganda, matairi yote mawili ya nyuma yanakataa, na mtu anaweza kumaliza siku akigonga ngoma zisizo na kosa. Kwa hiyo anza na kipimo. Weka kabari kwenye matairi ya mbele, inua ekseli ya nyuma na uiweke juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki peke yake. Toa gia, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu inafanya kazi yake na breki za matairi ziko huru, hivyo kizuizi kiko mbele, kwenye propela au ile ngoma ya hendibreki. Yakikataa yote, rudi kwenye ngoma za matairi.

Kugandua kwenyewe kunataka subira. Shusha hendibreki na uhakikishe waya au fimbo yake imelegea kweli. Legeza ajasta iliyo nyuma ya bamba la breki ili viatu visogee ndani, kwa sababu ngoma iliyotumika sana huchimbika na kubakiza ukingo unaovizuia viatu visipite. Kisha gonga ngoma kuizunguka, ukiweka kipande cha mti kati yake na nyundo. Mshtuko ndio unaovunja kutu, na nyundo kubwa ikipiga chuma cha kusubu moja kwa moja inakipasua. Ngoma nyingine zina tundu lenye hesi: ingiza bolti, kaza kidogo kidogo, isukume itoke.

Kulivuta gari kwa trekta hadi tairi liachie ni njia ninayoipinga. Mara nyingine inafaulu, lakini huweza kung'oa lainingi kutoka kwenye kiatu, na kipande hicho kikajipachika ndani ya ngoma. Moto nao unaunguza mipira ya silinda. Mafuta ya kulainisha yakifika kwenye lainingi, umegandua tairi ukapoteza breki. Na vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa: lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Ngoma ikishatoka, isafishwe kwa msasa, mipira ya silinda ibadilishwe, mafuta mapya yamiminwe, kisha upepo utolewe kuanzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Gari likirudi kukaa siku nyingi, liegeshwe kwenye gia na kabari, hendibreki ikiwa chini. Kwenye karatasi ya kazi fundi aandike sehemu kwa jina lake: ngoma ya nyuma kushoto imeganduliwa, silinda ya kulia ilikuwa haiachii, mipira mipya. Fundi atakayelipokea baadaye atajua upande gani maji yaliingia.