Mti katika Hati ya Kichina, na Mti wa West Nile

Wachina wana alama moja isomwayo mu, na maana yake ni mti. Imeandikwa kwa zaidi ya miaka 3,000, tangu enzi ya Shang, ilipochorwa juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe. Ziweke mu mbili bega kwa bega, upate msitu. Ziwe tatu, msitu mnene. Kistari kikitiwa chini ya shina, alama huwa ben, yaani mzizi, na kwa hiyo asili ya jambo lolote. Kikitiwa juu huwa mo, ncha. Nayo xiu, kupumzika, ni mtu kando ya mti.

Hiyo ya mwisho mzee wa Arua au Koboko angeisoma bila mwalimu, kwa kuwa mashauri ya mipaka ya mashamba na mahari husikilizwa kivulini. Kiswahili nacho, kilichofika huku pamoja na askari wa King's African Rifles na wachuuzi, kimeujenga utawala kwa mti: twasema tawi la chama, shina la chama, mzizi wa fitina.

Lakini tazama mti mmoja, Afzelia africana, ndugu wa mbambakofi uliochongewa milango ya Pwani. Mbao zake ni ngumu, nyekundu, na huhimili mchwa. Wachina huziita mbao nyekundu za thamani hongmu, na mwaka 2000 serikali yao ilitoa orodha ya spishi 33. Afzelia africana haimo. Ila tamaa ya mbao ngumu haisomi orodha. Malori ya mbao kutoka Sudan Kusini hupita Oraba, Koboko. Ya Kongo hupita Vurra, Arua.

Novemba 2022, mkutano wa CITES nchini Panama uliziweka afzelia za Afrika chini ya ulinzi: haziuzwi nje bila kibali. Mei 2023, amri ya Rais ikapiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inamruhusu mtu yeyote, si ofisa peke yake, kumfungulia kesi anayeuharibu msitu. Shauri lianzalo chini ya mti wa kijiji laweza basi kuendelea hadi mahakamani, na mlalamikaji akawa wewe.