MALI YA BATA BAHILI NA JASHO LISILO NA JINA

Ndugu wasikilizaji, wapo watakaoshangaa kusikia kwamba juma hili, katika kipindi hiki cha historia, nakusudia kuzungumza habari ya mchezo wa watoto. Tumezoea hapa kuzungumzia vita, mikataba, wafalme na bei ya karafuu. Lakini mchezo nao ni kazi ya mikono ya watu. Una tarehe yake, una waliouchonga, una waliochuma faida na una waliosahauliwa. Kitu chenye mambo hayo manne kina historia, na ukikichunguza kwa makini kitakueleza mengi juu ya dunia iliyokizaa.

Mchezo wenyewe unaitwa DuckTales. Ulitolewa Marekani mwaka 1989 na Japani mapema mwaka 1990. Waliotengeneza ni kampuni ya Capcom ya mjini Osaka, kwa ajili ya mashine ya Nintendo, ile inayounganishwa na televisheni. Mhusika wake mkuu ni Scrooge McDuck, bata mzee tajiri kupindukia, mwenye kofia ndefu, miwani na mkongojo, ambaye katuni yake ilianza kuonyeshwa katika televisheni za Marekani mwezi Septemba 1987.

Namna ya kuucheza ni rahisi. Bata anatembea kutoka upande mmoja wa kioo kwenda upande wa pili, na mandhari inasogea nyuma yake kama miti inavyosogea ukiitazama kupitia dirisha la basi. Silaha yake ni ule mkongojo. Akiruka huusimamisha chini ya miguu yake, akadunda nao juu ya miiba na vichwa vya maadui bila kuumia. Sehemu za kwenda ni tano: Amazon, Transylvania, Migodi ya Afrika, Himalaya na Mwezini. Kila sehemu ina hazina moja kubwa, na almasi zimetapakaa njiani zikingoja kuokotwa. Unapomaliza, mwisho wa hadithi hutegemea fedha ulizokusanya.

Hivi karibuni nimeurudia mchezo huo. Bado ni mtamu, hilo sina ubishi nalo. Lakini mtoto hucheza ili ashinde, na mtu mzima akicheza huanza kuuliza maswali. Swali lililonisumbua mimi ni hili: hazina hizi zote alizokusanya bata, nani hasa alizichimba?

Tuanze na bata mwenyewe. Scrooge McDuck alionekana kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1947, katika kitabu cha hadithi za picha. Aliyembuni na kumchora ni Carl Barks, mtoto wa mkulima wa Oregon, aliyezaliwa mwaka 1901. Barks aliacha shule mapema, masikio yake yalikuwa mazito, na kabla ya kuishi kwa kalamu alifanya kazi nyingi za sulubu. Mwaka 1935 aliajiriwa na Walt Disney, akaondoka mwaka 1942, kisha akachora hadithi za mabata hawa hadi alipostaafu mwaka 1966. Jina la Scrooge alilitoa kwa yule bahili wa kitabu cha Charles Dickens cha mwaka 1843. Nchi za mbali alimowapeleka mabata wake alizisoma na kuzitazama katika picha za jarida la National Geographic, yeye akiwa amekaa kwake California.

Sasa sikilizeni. Kwa miaka yote hiyo ya kazi, vitabu vya Barks vilitoka vikiwa na jina moja tu: Walt Disney. Jina la mchoraji halikuandikwa. Alilipwa kwa ukurasa, na kitabu kikichapwa upya haikumhusu. Hata hivyo wasomaji hawakuwa vipofu. Watoto waligundua kwamba hadithi fulani zilikuwa bora kuliko nyingine, kwamba mkono uliozichora ulikuwa mmoja, na kwa kuwa hawakujua jina lake wakamwita mchoraji mzuri wa mabata. Hadi kufikia karibu mwaka 1960 ndipo mashabiki walipoanza kumpata kwa barua. Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema, ila hiki kilisubiri pete hadi uzeeni. Barks alifariki Agosti 2000 akiwa na umri wa miaka 99, jina lake likiwa limeshajulikana duniani.

Tuvuke bahari twende Osaka. Katika miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kwa makampuni ya michezo ya Japani kuficha majina ya wafanyakazi wao. Waajiri waliogopa kwamba mshindani akijua nani ni fundi hodari, atamvuta kwa mshahara mnono. Hivyo watu walijiandika kwa majina ya utani, au hawakuandikwa kabisa. Leo tunajua kwamba msimamizi wa kazi hii alikuwa Tokuro Fujiwara, na kwamba muziki wake ulitungwa na Hiroshige Tonomura. Wimbo wa sehemu ya Mwezini hupigwa hadi leo kwa magitaa, kwa vinanda na hata na vikundi vikubwa vya wanamuziki, na wengi wanaoupiga hawajawahi kulisikia jina la aliyeutunga.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Mchezo wote, yaani picha, muziki, maadui na sehemu zote tano, ulienea katika kilobaiti 128. Picha moja unayopiga leo kwa simu yako ya mkononi huzidi hapo mara nyingi. Mtunzi wa muziki alikuwa na sauti chache tu za kuchezea: mbili za kuimba, moja nene ya kushikilia chini, na moja ya mchakacho ya kufanyia ngoma. Kwa sauti hizo akatunga wimbo wenye majonzi kuhusu mahali ambapo hakuna mtu. Kama huo si ufundi, sijui tuuite nini.

Huku kwetu, mchezo wa namna hii tuliupokea kwa mlango wa nyuma. Wengi mliokulia mijini miaka ya 1990 mnazikumbuka zile mashine za bei nafuu zilizoiga mashine ya Nintendo, zikaletwa na wafanyabiashara wadogo, pamoja na kaseti iliyoandikwa juu kwamba ina michezo mamia. Ukiiwasha unakuta ni michezo michache imerudiwarudiwa. Katika kaseti hizo mara nyingi hata jina la kampuni lilifutwa. Mtoto wa hapa alicheza kazi ya watu asiojua nchi yao, seuze majina yao.

Turudi sasa ndani ya mchezo, katika ile sehemu inayotuhusu zaidi, yaani Migodi ya Afrika. Amazon ina msitu na hekalu, Transylvania ina kasri, Himalaya ina theluji. Afrika ina shimo. Unashuka chini ya ardhi, unadunda juu ya miamba, na mwishoni unapambana na mfalme wa viumbe wa duara wanaoishi chini ya ardhi, ili uichukue almasi kubwa. Huoni kijiji, huoni soko, huoni mama akianika mpunga. Kwa waliouchora mchezo, Afrika ilikuwa mahali pa kuchukua kitu na kuondoka nacho.

Nayasema haya si kwa kuwalaumu vijana wa Osaka. Picha hiyo waliirithi. Mwaka ule ule wa 1947 ambao Barks alimzaa bata wake bahili, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Almasi hiyo ilikatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katika bruchi, na duniani inajulikana kwa jina la Williamson. Udongo wa Shinyanga uliitoa, mikono ya wachimbaji iliufukua udongo huo, na jina likabaki la mwenye mali. Mchezo wa mwaka 1989 haukubuni jambo. Ulinakili tu mazoea ya dunia.

Tena kuna jambo jingine la kutazamwa. Scrooge ana mpinzani wake, tajiri aitwaye Flintheart Glomgold. Carl Barks alipomchora mwaka 1956, alimfanya mkazi wa Afrika Kusini, nchi ya migodi ya dhahabu na almasi. Katuni ilipotengenezwa mwaka 1987, Glomgold aligeuzwa akawa Mskoti. Kumbukeni ulikuwa wakati gani. Mwaka mmoja nyuma yake, 1986, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya vikwazo dhidi ya serikali ya ubaguzi wa rangi, na dunia nzima ilikuwa ikiisusia Afrika Kusini. Tajiri wa migodi kutoka nchi ile hakuwa tena kichekesho cha kuwapa watoto. Basi katika mchezo, Glomgold anayetokea mwishoni kugombea hazina hana tena harufu ya Johannesburg. Migodi ya Afrika imebaki palepale, ila tajiri wa Afrika Kusini ameondolewa. Msikilizaji, hivyo ndivyo historia inavyosafishwa: shimo linaachwa, mwenye shimo anabadilishiwa pasipoti.

Mchezo huu ulizaliwa upya Agosti 2013. Kampuni ya WayForward ya California iliuchora tena kwa picha mpya, na Jake Kaufman akaupanga upya muziki wake. Sauti ya Scrooge ilitolewa na Alan Young, aliyekuwa na sauti hiyo tangu katuni za miaka ya 1980. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 93. Alifariki mwaka 2016. Safari hii majina ya wafanyakazi yaliandikwa mwishoni, moja baada ya jingine, kama inavyostahili.

Lakini Agosti 2019 Capcom ilitangaza kwamba toleo hilo linaondolewa katika maduka yote ya mtandao. Waliokuwa wamelinunua walibaki nalo, ila mtu mwingine yeyote asingeweza kulipata humo. Mwezi Machi 2020 likarudishwa, kimyakimya kama lilivyoondoka. Kwa miezi saba hivi, kazi ya mikono ya mafundi wengi, pamoja na sauti ya mzee aliyekwishafariki, ilikuwa imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo hakulazimika kumwomba mtu radhi. Yule bata bahili mwenyewe asingefanya zaidi. Naye angalau huogelea katika fedha zake.

Na si mchezo huu tu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haiuzwi tena. Katika kila michezo kumi, takribani tisa huwezi kuipata dukani. Hiyo ni Marekani, nchi yenye maktaba na fedha. Michezo mingi kati ya hiyo inaishi kwa sababu tu mtu fulani, mahali fulani, alitunza kaseti yake, akaandika nani aliitunga, mwaka gani, mji gani. Wengi wa hao hawalipwi. Wanafanya kazi ya karani wa historia kwa mapenzi tu.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wanauchukulia msemo huo kuwa wa fedha. Mimi nauona ni wa kazi pia. Mwenye mali anayo haki yake kwa mujibu wa sheria, sibishani na hilo. Lakini daftari la kazi lina safu nyingine, safu ya waliotoa jasho, na safu hiyo mwenye mali hana haraka ya kuijaza. Barks alijazwa na wasomaji wake. Tonomura amejazwa na wapenzi wa muziki wake. Wachimbaji wa Mwadui bado wanasubiri mtu wa kuwaandika.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, ninyi wenye watoto wanaocheza, msiishie kuwauliza wamefika hatua ya ngapi. Waulizeni nani ametengeneza mchezo huo, na anatoka wapi. Mtoto aliyezoea swali hilo hataacha kuliuliza akiona kanga nzuri, akisikia mchezo wa redio, akicheka kwa katuni ya gazetini, au akisoma kwamba jiwe la thamani limepatikana katika ardhi ya nchi yake. Atataka kujua ni mkono wa nani.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo wakati kama huu.