Kusaka Job Nax: Rauka, Lakini Usilipe Mtu

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji 2021, lakini job bado zinasakwa kwa miguu. Wasee huraukia geti za Industrial Area, kitambulisho mfukoni, wakingoja supavaiza achague vibarua. Huko Naivasha, mashamba ya maua huongeza watu kabla ya Valentine, 14 Februari.

Hapo kwa foleni ndipo mabroka hutokea: "Toa thao mbili, nikuingize." Zii! Job ya ukweli haiuzwi getini.

Hata good conduct, ile cheti ya makarao ya 1,050, usiharakishe kulipia. Sheria ya 2022 inasema mwajiri asiiitishe kabla hajakuofa kazi. Hiyo doo iwe fare ya kuraukia geti ingine kesho.