Gulio Lisilo na Siku: Saa, Ardhi na Biashara ya Jioni Wandegeya, Kampala

Kiswahili hutofautisha soko na gulio. Soko ni mahali. Gulio ni mahali pamoja na siku. Pwani ya Kenya lipo pia neno chete, nalo linaeleweka vyema zaidi tukikumbuka kwamba juma la jadi la Wamijikenda lilikuwa na siku nne, na kwamba siku ya kupumzisha jembe ndiyo iliyowakutanisha wauzaji na wanunuzi. Nyanda za kati za Tanzania zina mnada, ulioanza na ng'ombe ukaishia kuuza kila kitu, kuanzia sufuria hadi mitumba. Kwa msikilizaji Mganda neno gulio halina ugeni wowote, maana okugula katika lugha yake ni kununua.

Makala haya yanaichukua tofauti hiyo na kuipeleka mbali na pwani, katika kitongoji cha Wandegeya, Kampala. Huko hakuna gulio kwa maana kamili ya neno. Hata hivyo, kuna biashara ambayo kwa vizazi kadhaa imeendeshwa kwa kanuni ya gulio: ardhi huwa ya mchuuzi kwa saa chache tu, kisha hurudi kuwa njia ya wapitao. Hoja yetu ni kwamba mvutano baina ya wachuuzi wa Wandegeya na mamlaka za jiji umeelezwa mno kuwa ni mvutano wa nafasi, ilhali kiini chake ni mvutano wa saa.

Jina lenyewe linatokana na endegeya, ndege wasukao viota, waliojaa katika majani ya kinamasi kilichokuwa bondeni hapo. Ni bonde lililo baina ya vilima viwili vilivyokuja kuwa na watu wengi wasiolima: Mulago, ambako hospitali ilianzishwa mwaka 1913, na Makerere, ambako chuo cha ufundi kilifunguliwa mwaka 1922. Mgonjwa na mwanafunzi wote wawili hula chakula ambacho hawakukipanda. Bonde likawa jiko lao.

Biashara ya aina hiyo haikuwa jambo jipya Buganda. John Roscoe, katika kitabu chake The Baganda cha mwaka 1911, anayaeleza masoko ya mji mkuu yakiwa chini ya msimamizi wa Kabaka aliyetoza ushuru kwa bidhaa zilizouzwa. Fedha iliyotumika ilitoka kwetu pwani: ensimbi, yaani simbi au kauri, neno ambalo hadi leo Mganda hulitumia kwa maana ya fedha. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika katika ikulu ya Kabaka Suuna kufikia miaka ya 1840, na baadaye wakawa na makazi yao Natete. Tunalitaja hili si kwa kujivunia pwani, bali kuonyesha kwamba soko la Buganda lilikuwa na mwenyewe tangu hapo, na mwenyewe huyo alikuwa mtawala. Uhuru wa kutandika bidhaa popote haukuwahi kuwa desturi ya kale, kama baadhi ya watetezi wa wachuuzi wanavyopenda kudai.

Kilichobadilika chini ya Waingereza ni mpaka. Kampala ya kikoloni ilikuwa miji miwili iliyogusana: manispaa, yenye sheria za upangaji, leseni na wakaguzi wa afya, na Kibuga, mji wa Kabaka, uliosimamiwa na serikali ya Buganda. Wandegeya, kama Katwe na Kisenyi, ilikua upande wa Kibuga, hatua chache kutoka kwenye mpaka. Mtu aliyezuiwa kuuza ndizi upande mmoja wa barabara aliweza kuziuza upande wa pili. Aidan Southall na Peter Gutkind, waliochunguza maisha ya Kisenyi na Mulago katika miaka ya 1950, walikuta uchumi wa vyumba vya kupanga, pombe na uchuuzi mdogo uliotegemea ukaribu huo. Sheria ya Masoko ya mwaka 1942 iliweka uanzishaji wa soko mikononi mwa mamlaka za utawala. Kisheria, basi, soko halikuweza kuzaliwa kwa watu kukutana tu, ilibidi litangazwe.

Lakini watu waliendelea kukutana. Mikutano hiyo ilipata jina ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko waraka wowote wa manispaa: toninyira mukange. Tafsiri yake ni "usikanyage changu". Ni soko la machweo, linalotandikwa chini, juu ya gunia au turubai, kando ya barabara ambayo mchana kutwa ilikuwa ya magari. Nyanya hupangwa mafungu, samaki wakavu kando, taa ya tadooba (pwani tungesema koroboi) katikati. Jina ni ombi na onyo kwa wakati mmoja. Linakiri kwamba mpita njia ana haki ya kupita. Linachodai ni kwamba kwa saa hizi, kipande hiki cha ardhi kina mwenyewe. Mwanasheria angeweza kuandika kurasa kumi juu ya haki ya matumizi ya muda na asifike pale jina hili lilipofika.

Wandegeya ilipata msukumo wake mkubwa kutoka Makerere. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa chuo hicho aliishi katika bweni na kulishwa na serikali. Alishuka bondeni kwa starehe zaidi kuliko kwa njaa. Mwaka 1992 chuo kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na masomo ya jioni yakapanuka. Idadi ikaongezeka kuliko mabweni, hosteli za watu binafsi zikachipuka kuzunguka kilima, na maelfu ya vijana wakawa wanatoka darasani usiku wakiwa na shilingi chache na bila jiko. Mahmood Mamdani alipoyachambua mageuzi hayo mwaka 2007 alikiita kitabu chake Scholars in the Marketplace, wasomi sokoni. Kwake ilikuwa sitiari. Kwa muuza chapati wa Wandegeya ilikuwa taarifa ya kawaida.

Chapati hiyo inastahili aya yake. Mayai yaliyokaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, yakakunjwa ndani ya chapati na kuliwa mkononi, huitwa rolex, jina linalocheza na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa na saa maarufu ya Uswisi. Simulizi iliyoenea Kampala huwapa sifa ya kukizua chakula hicho wapishi kutoka Busoga waliowauzia wanafunzi hapo Wandegeya. Iwe ni kweli au la kwamba kilizaliwa hapo na si kwingine, kinaeleza saa za mahali hapo vizuri kuliko takwimu. Ni chakula cha mtu aliyesimama, anayelipa kidogo, baada ya mihadhara. Meza moja, jiko la mkaa na tava vinatosha, navyo huondolewa kabla ya asubuhi. Mapigo ya biashara hufuata muhula: chuo kikifungwa, bonde hupoa; kikifunguliwa, wiki ya kwanza ni ya magodoro, ndoo, pasi na nguo za mitumba, ambazo Kampala huitwa mivumba. Hivyo Wandegeya ina magulio bila kuwa na siku ya gulio. Kalenda yake imeandikwa na ofisi ya msajili wa chuo.

Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, ilipochukua madaraka mwaka 2011, ilirithi soko kuukuu la Wandegeya na mpango wa kulijenga upya. Fedha zilitoka kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, chini ya mradi wa serikali uliojenga pia masoko ya Jinja, Mbale, Gulu, Lira, Hoima na Mpanga huko Fort Portal. Jengo la ghorofa likasimama: vizimba, maduka, vyoo, maegesho. Si haki kulibeza. Mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa juu ya matope alipata sakafu, maji na paa, na hakuna hoja ya kihistoria inayoweza kumshawishi kwamba matope yalikuwa bora.

Hata hivyo, jengo lilitatua tatizo la mahali kwa kulifuta suala la wakati. Kizimba hulipiwa kodi mwezi mzima, uwe unauza asubuhi hadi usiku au saa tatu tu za jioni. Mchuuzi ambaye mtaji wake huzunguka kila siku, akinunua asubuhi na kumaliza usiku, hana namna ya kugawana kizimba na mwenzake wa mchana. Tena mnunuzi wa fungu moja la nyanya hapandi ngazi. Ndiyo maana uchuuzi wa barabarani haukuisha kwa jengo kufunguliwa. Jiji liliwahi kuruhusu soko la Jumapili katika baadhi ya barabara za katikati, hatua iliyokaribia zaidi kuitambua kanuni ya gulio, lakini haikuwa msingi wa sera kwa vitongoji kama Wandegeya.

Kwamba saa ndizo zilizobishaniwa kulidhihirika mwaka 2020. Mwezi Machi, kwa ajili ya kuzuia korona, masoko yasiyo ya chakula yalifungwa, na wauzaji wa chakula wakaagizwa walale sokoni badala ya kurudi nyumbani. Picha za wanawake chini ya vyandarua katikati ya vizimba zilizunguka dunia. Aliyekuwa na kizimba aliweza kulala ndani yake, hivyo akahesabika. Kisha ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni, saa ileile ambayo magunia hutandikwa. Hakuna askari aliyehitaji kuifukuza toninyira mukange. Ilitosha kuiondolea usiku.

Amri hiyo ilipunguzwa ukali baadaye, ikaondolewa mwezi Januari 2022. Mwezi huohuo KCCA iliwaamuru wachuuzi waondoke barabarani Kampala nzima, waende kwenye masoko yaliyotangazwa. Usiku ulirudishwa na barabara ikachukuliwa.