Dirisha Lilitanuka, Vitufe Vikabaki Palepale

Microsoft ilipotoa Windows 1.0 mwezi Novemba 1985, madirisha ya programu hayakuruhusiwa kulaliana. Yalikaa ubavu kwa ubavu, na ukifungua jingine, yaliyotangulia yalijibana kulipisha. Xerox ilikuwa imefuata mkondo huohuo katika kompyuta yake ya Star ya mwaka 1981. Kulaliana kulikuja na Windows 2.0, mwishoni mwa 1987.

Apple hawakusubiri. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na skrini ya pikseli 512 kwa 342 tu, lakini dirisha lake lilikuwa na kisanduku kidogo kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Mtumiaji alikishika kwa kipanya akavuta, mstari wa kijivu ukamwonyesha ukubwa mpya, na akiachia, dirisha linatanuka. Kazi ya mfumo iliishia hapo. Mwambaa wa kusogezea maandishi haukuhama wenyewe. Mwanaprogramu ndiye aliyetakiwa kuandika msimbo wa kuuhamisha na kuurefusha. Kona hiyo moja iliendelea kuwa mahali pekee pa kuvutia dirisha la Mac hadi toleo la Lion la 2011, lililoruhusu kuvuta ukingo wowote.

Mzigo huo ulianza kuwaelemea watu wengi baada ya Mei 1991, Visual Basic, lugha ya kuandikia programu za Windows, ilipotoka. Sehemu yake ya kuchorea fomu ilitokana na kazi ya Alan Cooper, na ilirahisisha mambo kupita kiasi: unachukua kitufe, unakibandika kwenye fomu, unaandika mistari michache, programu inakwenda. Karani wa mahesabu aliweza kujitengenezea programu yake mwenyewe.

Mpaka mtu avute kona. Fomu ilitanuka, lakini kisanduku cha maandishi na vitufe viwili vilivyo chini yake vilibaki vimejikunyata juu kushoto, na eneo kubwa la kijivu likabaki tupu. Dawa yake ilikuwa tukio liitwalo Form_Resize, ambamo mwandishi alipiga hesabu kwa mkono. Alichukua upana wa ndani wa fomu, akatoa nafasi ya pembeni, akakipa kisanduku kilichobaki. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa kimo, na kwa kila kitufe. Hesabu zenyewe zilikuwa za twipu, 1440 kwa kila inchi.

Humo mlikuwa na mtego maarufu. Mtumiaji akiishusha fomu chini ya skrini, tukio lilelile linaitwa, ila safari hii kimo cha ndani ni sifuri. Toa nafasi ya vitufe kwenye sifuri, unapata kimo hasi. Kisanduku kinakikataa, kosa namba 380 linatokea, na programu iliyokwisha kukabidhiwa kwa wateja inazimika. Ndiyo maana wazoefu walianza utaratibu huo kwa mstari mmoja wa kuuliza kama fomu imeshushwa, na kama imeshushwa, waondoke bila kugusa kitu.

Jambo la kushangaza ni kwamba jibu bora lilikuwapo tayari. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, John Ousterhout alitengeneza lugha ya Tcl na kifurushi chake cha Tk. Humo mwandishi hakutaja namba za mahali. Alisema tu kitufe kikae upande gani, kijaze nafasi au la, na kipanuke dirisha likipanuka. Tk yenyewe ilipiga hesabu. Donald Knuth alikuwa ametumia fikra ya jamaa hiyo katika TeX, mfumo wa kupanga kurasa za vitabu: masanduku yenye gundi inayovutika kati yao.

Ulimwengu wa Windows ulifika huko polepole. Zana ya kuandikia programu Delphi 4 ya 1998 ilileta nanga, yaani kila kitu kifungwe kwenye kingo za fomu unazozitaja, na Windows Forms ya 2002 ikafuata. Hata hivyo nanga za awali zilibaki juu na kushoto, hivyo asiyezigusa alipata ileile fomu ya kijivu. Apple nao, mwaka 2011, walileta Auto Layout, iliyojengwa juu ya Cassowary, mbinu ya kutatua masharti iliyobuniwa na watafiti akiwamo Alan Borning wa Chuo Kikuu cha Washington. Mwaka uliofuata iPhone 5 ilikuja na skrini ndefu zaidi, na waliokuwa wamezoea namba zisizobadilika wakalazimika kurudi mezani.

Waliosahaulika ni waandishi wa skripti za ofisini. Fomu ya VBA, lugha ya skripti iliyomo ndani ya Excel, haina nanga, na mtumiaji hawezi kuivuta kingo zake. Anayetaka uwezo huo huazima kazi za ndani za Windows, kisha huandika kutoa na kujumlisha kwa mkono, kama ilivyokuwa 1991.