Kuacha nyama: mambo ambayo Kanisa limekwisha kuyapitia



Wapendwa waamini, juma lililopita tulialikwa katika nyumba moja ya parokia yetu kwenye karamu ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto. Pilau ilipoletwa, kijana mmoja mwenye familia, ambaye tunaufahamu uaminifu wake katika jumuiya ndogo ndogo, aliomba apewe wali mweupe, maharage na kachumbari. Alieleza kwa upole kwamba yeye na mkewe wameacha nyama, samaki, mayai na maziwa tangu mwaka jana. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema huyu amekwisha kuhamia dhehebu jingine; mzee mwingine akauliza kwa sauti kama chakula cha wenye nyumba kimekuwa najisi. Mke wa kijana huyo, mwenye mtoto mchanga anayenyonya, aliinamisha kichwa na hakula hata yale maharage.

Tulirudi nyumbani na mambo mawili moyoni: hukumu iliyotolewa pale mezani, na yule mtoto anayenyonya. Yote mawili yana historia ndefu katika Kanisa, na tumeona vema kuisimulia juma hili.

Habari za Danieli na wenzake waliokula mboga na kunywa maji kwa siku kumi katika jumba la mfalme tunazifahamu sote. Tunafahamu pia kwamba Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya waraka kwa Warumi, alikuta ugomvi wa namna hiihii kati ya wala nyama na wala mboga, akawakataza wale wa kwanza kudharau na wale wa pili kuhukumu. Lakini ugomvi haukuisha. Katikati ya karne ya 4 maaskofu walikutana mjini Gangra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa sababu ya wafuasi wa Eustathius wa Sebaste. Watu hao walikuwa wenye bidii kubwa ya kujinyima, hata wakaanza kufundisha kwamba anayekula nyama hana tumaini la wokovu. Kanuni ya 2 ya sinodi hiyo iliwalaani wenye kumhukumu hivyo mwamini anayekula nyama kwa uchaji. Hata hivyo, katika maneno yao ya mwisho maaskofu walieleza kwamba wanakuheshimu kujinyima kunakofanywa kwa unyenyekevu. Walichokikataa ni kiburi.

Yapo mafundisho mengine yaliyolifanya Kanisa liwe na wasiwasi na wanaokataa nyama. Wamanikei, ambao Mtakatifu Augustino alikuwa msikilizaji wao kwa miaka tisa hivi kabla ya kuongoka, waliwakataza wateule wao nyama kwa kuamini kwamba mwili na vitu vyote vya dunia vimechanganyika na nguvu za giza. Mkristo hawezi kukubali hilo, maana Mungu aliviona viumbe vyake kuwa ni vyema. Kwa bahati mbaya, kukataa fundisho potovu kuligeuka baadaye kuwa kumshuku kila asiyekula nyama.

Hapa inatubidi tuseme jambo la kutuaibisha. Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1051, mjini Goslar huko Ujerumani, Kaisari Heinrich III aliamuru watu kadhaa wanyongwe kwa kosa la uzushi. Anselm wa Liège, aliyeandika habari za maaskofu wa jimbo lake, anasema alichunguza sana sababu ya hukumu hiyo, na hakupata nyingine isipokuwa kwamba watu hao waliamriwa na askofu fulani wamchinje kuku, nao wakakataa. Kuku mmoja! Anselm huyohuyo anamsifu askofu wake Wazo, aliyefariki mwaka 1048, kwa kuwa alipoulizwa na askofu mwenzake juu ya wazushi alishauri wasiuawe. Wazo alikuwa amesikia kwamba huko Ufaransa watu walitambuliwa kuwa wazushi kwa kupauka uso tu, kana kwamba kila aliyepauka ameiacha imani, na kwamba Wakatoliki wa kweli walikuwa wameuawa kwa kosa hilo. Bila shaka baadhi yao walikuwa wamepauka kwa kufunga. Hatuwezi leo kuipima damu ya watu wa karne ya 11, lakini kupauka huko tutakukuta tena mbele.

Tofauti kabisa ni njia ya Mtakatifu Benedikto, baba wa wamonaki ambao sisi wa Tanzania tunawafahamu kwa Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, na Ndanda ya mwaka 1906. Katika sura ya 39 ya Kanuni yake, iliyoandikwa katika karne ya 6, aliwapa wamonaki mikate ya kutosha, vyakula viwili vilivyopikwa ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na akawakataza nyama ya wanyama wenye miguu minne. Lakini papo hapo akawatoa wagonjwa walio dhaifu sana. Sura ya 36 inarudia: mgonjwa dhaifu apewe nyama ili apate nguvu, na akishapona arudi katika desturi ya wenzake. Sura ya 37 inawaonea huruma wazee na watoto. Tumeisoma Kanuni hiyo mara nyingi, na kila mara tunashangaa jinsi mtu huyu mkali anavyosimama kila hatua na kumtazama aliye dhaifu.

Si wote waliofuata huruma hiyo. Wakartusi, walioanzishwa na Mtakatifu Bruno mwaka 1084 katika milima ya Ufaransa, hawakula nyama kamwe, hata wakiugua. Walilaumiwa kwamba wanawaua wagonjwa wao. Mwanzoni mwa karne ya 14 tabibu mashuhuri Arnau de Vilanova, aliyewatibu wafalme na mapapa, aliwaandikia utetezi. Alidai kwamba nyama si dawa ya lazima, kwamba wamonaki hao huishi hadi uzee mkubwa, na kwamba divai na kiini cha yai humfaa mgonjwa kuliko nyama. Kwa sehemu kubwa alikuwa na haki. Lakini tazameni: hata mtetezi huyo wa wasiokula nyama alimpa mgonjwa wake yai.

Sababu yake haikujulikana hadi karne iliyopita. Mwaka 1926 madaktari George Minot na William Murphy wa Boston, Marekani, walieleza kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, iliyokuwa ikiua bila tiba, walipata nafuu kwa kulishwa maini mengi kila siku. Mwaka 1934 wao na George Whipple walipewa tuzo ya Nobel. Wagonjwa hao kwa kawaida hawakuwa wamekosa chakula. Matumbo yao yalishindwa kukifyonza kitu fulani. Kitu hicho kilitenganishwa mwaka 1948, huko Marekani na Uingereza, nacho ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, si mimea. Sisi huipata katika nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha, matembele na maharage, pamoja na wema wake wote, havina.

Hatari yake ni ya kimyakimya, kwa kuwa ini la mtu mzima huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Mtu huacha vyakula vyote vya wanyama, akajisikia mwepesi na mwenye afya, kisha baadaye huja uchovu, kupauka, ulimi kuuma, ganzi miguuni, hata kusahausahau. Na mishipa ya fahamu ikishaharibika si kila mara hupona. Mtoto mchanga hana akiba kubwa. Hutegemea maziwa ya mama, na mama aliyepungukiwa hana cha kumpa.

Haya hatuyasemi ili kumrudisha mtu yeyote kwenye nyama choma. Wanaokula mboga nyingi, kunde, matunda na nafaka zisizokobolewa, na nyama kidogo au wasiile kabisa, kwa jumla hawasumbuliwi na uzito, kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo kama wenzao. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za viwandani, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Anayetaka kuacha nyama kabisa anaweza, mradi atafute B12 katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa, na ale kunde za kutosha. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga huingia mwilini kwa shida. Limau au chungwa husaidia, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia.

Tena tusisahau kwamba wengi wetu hatuli nyama kwa sababu hatuna fedha. Huko Ghana, katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa wa kwashakoo kwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi karibu mtupu. Hakuna anayeweza kuyaita hayo mafungo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawadai kutokula nyama wale waliotimiza miaka 14, si watoto.

Alhamisi tuliwatembelea kijana yule na mkewe. Wametupa ruhusa ya kuandika haya. Tuliwasimulia habari za Goslar na za Mtakatifu Benedikto. Kijana alimtaja Danieli, nasi hatukubishana naye. Mkewe alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Padre, nikila yai nitakuwa nimemwacha mume wangu peke yake?" Kabla hatujajibu, mumewe alisema mtoto ni wao wawili, na kwamba yeye mwenyewe atamkaangia.

Jumatatu walikwenda zahanati. Mama alikutwa na upungufu wa damu, ameanzishiwa dawa, na damu yake imepelekwa kupimwa zaidi. Mtoto anaendelea vizuri na atafuatiliwa kila mwezi. Baba anaendelea na maharage yake, na sasa anameza vidonge vya B12. Yule mzee aliyeuliza habari za unajisi aliwapelekea trei moja ya mayai jioni ya siku hiyo. Hatukumtuma.